Nywele zikinyonyoka, usimtafutie dada yako pepo



Naandika kwa ruhusa ya dada mmoja wa hapa Wajir aliyeacha kuja ibadani. Aliugua homa kali, akapona, tukamshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye nywele zikaanza kutoka mafungu kila akichana. Minong'ono ikaanza: "Amerogwa." "Ana ule ugonjwa." Hata mimi mchungaji wako nilimwekea mikono nikakemea pepo, kabla sijamuuliza aliugua lini. Nimemwomba msamaha.

Sikia, mpendwa. Homa kali ya virusi hushtua mwili, iwe ni Corona, dengi au chikungunya kama ile iliyolaza watu Mandera mwaka 2016. Nywele nyingi huacha kukua kwa wakati mmoja, kisha huanguka baada ya miezi miwili au mitatu. Wakati huo homa imeshasahaulika, ndiyo maana watu hukimbilia kusema ni uchawi. Lakini mizizi haijafa. Kwa wengi, kunyonyoka hupungua ndani ya miezi sita hivi, na nywele huota tena polepole.

Soma 2 Samweli 10. Wajumbe wa Daudi walinyolewa nusu ya ndevu, wakaaibika sana. Daudi hakuwauliza wametenda dhambi gani. Aliwaambia wakae Yeriko mpaka ndevu ziote, ndipo warudi. Mfalme aliwapa mahali na muda.

Kanisa letu liwe Yeriko. Dada akija amefunga kitambaa, usichungulie kilicho chini yake. Msalimie, mpe kiti, imbeni pamoja.

Nawe unayenyonyokewa, omba, halafu nenda hospitali. Zikitoka kwa mabaka, kichwa kikiwasha, ukichoka ovyo au miezi sita ikipita bila nafuu, upimwe. Huenda ni upungufu wa damu, tezi ya shingo au mapunye, na yote yana matibabu. Usimalize pesa ya chakula kwa mafuta ya miujiza, hata kama anayeyauza anaitwa mtumishi. Maombi na vipimo havigombani.

Yesu alisema Baba anajua hesabu ya nywele zetu. Basi anazijua hata zile zilizobaki kwenye kichana chako asubuhi ya leo, na hajakuacha.

Kuna dada hujamwona kanisani siku nyingi? Mpigie leo, kabla jua halijatua.

Mbarikiwe.