MAZUNGUMZO YA BWANA SHAMBA: Wakili wa Malisho



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Nataka nikueleze habari za Mwingereza mmoja. Jina lake ni Robert Hunter. Alizaliwa London mwaka 1844, akafariki mwaka 1913. Kazi yake ilikuwa uwakili. Tena alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa halmashauri ya kijiji alichoishi, kijiji cha Haslemere.

Utaniuliza: bwana shamba na wakili, wapi na wapi? Subiri kidogo. Kazi kubwa ya Hunter ilihusu malisho, kuni, na njia za watu waendao kwa miguu. Hayo ni mambo yangu, na ni mambo yako.

Kwanza tuelewane juu ya neno wakili. Kule Uingereza wako mawakili wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayesimama mbele ya jaji wa mahakama kuu na kusema. Wa pili anakaa ofisini na mwenye shauri. Anamsikiliza, anatafuta hati, anawatafuta mashahidi, anaandika barua. Hunter alikuwa wa aina hii ya pili. Watu hawamwoni sana wakili wa namna hiyo. Lakini yule anayesema mbele ya jaji, bila hati za mwenzake, hana la kusema.

ARDHI YA PAMOJA

Tangu zamani sana, vijiji vya Uingereza vilikuwa na ardhi ya pamoja. Haikulimwa. Ilikuwa na nyasi, vichaka na miti. Kwa sheria, ardhi hiyo ilikuwa na mwenyewe, bwana mkubwa wa eneo lile. Lakini wanakijiji nao walikuwa na haki juu yake. Mmoja alikuwa na haki ya kulisha ng'ombe, mwingine kukata kuni, mwingine kuchimba udongo. Haki hizo zilirithiwa, baba kwa mtoto. Yule bwana hakuweza kuzifuta kwa neno lake tu.

Hata hivyo iliko mali kuna tamaa. Kulikuwa na sheria ya mwaka 1235. Ndiyo, mwaka 1235, hukukosea kusoma. Sheria hiyo ilimruhusu bwana wa eneo kuzungushia ua ardhi ya pamoja, mradi awaachie wengine malisho ya kutosha. Basi bwana alijenga ua kwanza. Mwanakijiji aliyeona kwamba malisho yaliyobaki hayatoshi, ilimbidi aende mahakamani kwa gharama yake mwenyewe. Je, mtu mwenye ng'ombe wawili atampeleka bwana mkubwa mahakamani?

Ilipofika miaka ya 1860 mambo yalizidi. Mji wa London ulikuwa unapanuka mbio. Reli ziliingia vijijini. Ardhi iliyokuwa ya kulishia mbuzi ikawa ya kuuzwa viwanja vya nyumba. Nyua zikaota kila mahali kama uyoga baada ya mvua.

Mwaka 1865 watu kadhaa wa London waliunda chama cha kutetea ardhi ya pamoja. Mwaka uliofuata tajiri mmoja alitangaza shindano la insha: tuifanyeje ardhi hii isipotee? Hunter alikuwa kijana wa miaka 21 hivi, bado anajifunza kazi. Aliandika insha yake. Hakupata tuzo ya kwanza, lakini insha yake ilichapishwa kitabuni pamoja na nyingine 5. Wakuu wa chama walimwona. Mwaka 1868 wakamfanya wakili wao. Alikuwa na miaka 24 hivi wakati huo.

UA WA BERKHAMSTED

Nikupe mfano wa jinsi watu walivyogombana. Mahali paitwapo Berkhamsted, bwana mmoja alizungushia uzio wa chuma sehemu kubwa ya ardhi ya pamoja. Jirani yake, Augustus Smith, alikuwa na haki ya kulisha pale. Usiku wa tarehe 6 Machi 1866, vibarua kiasi cha 120 walitoka London kwa gari moshi lililokodiwa. Walifika na nyundo na mitaimbo usiku wa manane. Kulipokucha, kama kilomita 3 za uzio zilikuwa chini, vipande vimepangwa vizuri kwenye mafungu.

Habari hii inafurahisha kusimulia, nami naipenda. Lakini haikumaliza ugomvi. Bwana alishitaki, Smith naye akashitaki, na kesi ikaendelea mpaka mwaka 1870. Smith alishinda. Nyundo zilifanya kazi usiku mmoja, karatasi zikafanya kazi miaka minne.

MZEE WILLINGALE NA SHOKA LAKE

Kesi kubwa kupita zote ilikuwa ya msitu wa Epping, upande wa kaskazini-mashariki ya London. Hapa nitakaa kidogo.

Katika kijiji cha Loughton, wakazi walikuwa na haki ya kukata matawi ya miti kwa kuni wakati wa baridi. Haki hiyo ilianza usiku wa manane, tarehe 11 Novemba, mpaka tarehe 23 Aprili. Hawakuangusha mti. Walikata matawi tu, juu ya kimo cha mtu, na shina likabaki. Machipukizi mapya yaliota juu, ambako ng'ombe hawakufika kuyala. Baada ya miaka kadhaa mti ulikuwa tayari kukatwa tena. Mimi kama bwana shamba nasema ukataji huo ni wa akili. Msitu ulitoa kuni miaka mamia, na bado ulikuwa msitu.

Watu wa Loughton waliamini kwamba lazima mtu mmoja akate tawi la kwanza saa ile ile ya usiku wa manane. Mwaka wowote asipokuwepo wa kukata, haki itakufa. Husimuliwa kwamba mwaka mmoja wakuu waliwaalika wakataji wote kwenye karamu usiku huo. Wakawapa chakula na pombe tele ili wasahau saa. Lakini mzee Thomas Willingale aliondoka kimya kimya, akachukua shoka, akaenda msituni. Alirudi na tawi begani. Kama ni kweli yote, siwezi kuapa. Ndivyo wazee wa kule walivyosimulia.

Haya yafuatayo ni ya kweli. Katika miaka ile ya 1860, bwana wa eneo la Loughton, ambaye pia alikuwa kasisi wa kijiji, alizungushia ua zaidi ya ekari 1,000 za msitu. Jamaa ya Willingale hawakujali ua. Waliingia wakakata matawi kama kawaida. Mwaka 1866 watatu kati yao walifungwa jela. Mzee Willingale akafungua kesi kudai haki ya kijiji, na kile chama cha London kikamsaidia. Bahati mbaya alifariki mwaka 1870, kesi ikiwa haijaisha. Mwenye kesi alipokufa, kesi nayo ikafa.

Yakupasa ujue pia kwamba msitu jirani, uitwao Hainault, ulikuwa umekwisha kukatwa na kung'olewa kuanzia mwaka 1851. Kila mtu alijua yanayoingojea Epping.

NG'OMBE HAJUI MPAKA

Sasa ndipo Hunter alipoonyesha akili yake. Msitu wa Epping uligawanyika katika maeneo mengi, kila eneo na bwana wake. Mabwana walisema hivi: mwanakijiji ana haki katika eneo lake tu. Kwa hiyo kila kijiji kingepigana peke yake, na kila kijiji kingeshindwa peke yake.

Hunter alichimbua hati za zamani za msitu, hati za mamia ya miaka. Aliona jambo moja. Tangu zamani ng'ombe wa msitu ule walitembea popote. Leo walilala eneo hili, kesho lile. Hakuna aliyewazuia mpakani. Basi haki ya malisho haikuwa ya eneo moja moja. Ilikuwa ya msitu mzima. Mtu mwenye shamba ndani ya mipaka ya msitu, japo pembeni kabisa, alikuwa na haki juu ya nyasi zote za msitu.

Nani alikuwa na shamba pembeni? Jiji la London lenyewe! Lilikuwa limenunua ardhi kule kwa ajili ya makaburi, na sehemu yake ilikuwa shamba la mifugo. Jiji lilikuwa na fedha nyingi kuliko bwana yeyote. Tena halifi kama mzee Willingale alivyokufa. Mwaka 1871 Jiji lilifungua kesi dhidi ya mabwana wote kwa pamoja. Hunter alifanya kazi bega kwa bega na wakili wa Jiji kukusanya ushahidi.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1874 jaji alitoa hukumu. Alisema nyua zilizojengwa tangu mwaka 1851 ni kinyume cha sheria. Karibu ekari 3,000 zikafunguliwa. Mwaka 1878 Bunge lilitunga sheria ya kuulinda msitu huo, na mwaka 1882 Malkia Victoria alikwenda mwenyewe kuufungua kwa wananchi wote. Msitu upo mpaka leo, ekari 6,000 hivi.

Lakini nisikufiche, ndugu msomaji. Haki ya kukata matawi, ile aliyoipigania mzee Willingale, iliondolewa. Wanakijiji walilipwa fidia. Sehemu ya fidia ilijenga ukumbi wa kijiji, na ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1884. Unaitwa Lopping Hall, maana yake Ukumbi wa Kukata Matawi. Bado umesimama. Mimi naona wakazi wa mjini walipata zaidi kuliko wakata kuni. Mtu wa mjini alipata mahali pa kupumzikia Jumapili. Mkata kuni alipata ukumbi. Hata hivyo, bila kesi ile asingepata ukumbi wala msitu.

MWENYEKITI WA KIJIJI

Mwaka 1882 Hunter alipata kazi kubwa serikalini. Akawa wakili mkuu wa Posta. Mwaka uliofuata alihamia Haslemere, kusini-magharibi ya London. Aliishi kijijini, na kazini alikwenda kwa gari moshi.

Mwaka 1894 sheria mpya ilianzisha halmashauri za vijiji Uingereza. Kabla ya hapo mambo mengi ya kijiji yaliamuliwa na wenye mali na wakuu wa kanisa. Sasa wanakijiji walipiga kura. Wanawake nao waliruhusiwa kupiga kura na kuchaguliwa katika halmashauri hizo, wakati ambapo katika uchaguzi wa Bunge walikuwa bado hawana kura. Haslemere walimchagua Hunter, naye akawa mwenyekiti wa kwanza.

Halmashauri ya kijiji haikuwa na fedha nyingi. Lakini sheria iliipa uwezo mmoja muhimu. Hakuna aliyeweza kufunga njia ya umma kijijini bila idhini yake. Fikiri njia ya kwenda kisimani au kanisani. Zamani mtu mkubwa aliweza kuifunga kwa kuelewana na wakubwa wenzake wawili. Sasa ilimbidi aulize kijiji. Na mwaka 1893 ile sheria ya mwaka 1235 nayo ilikatwa miguu. Bwana hakuweza tena kujenga ua kwa sheria hiyo bila kibali cha serikali. Chama cha Hunter kilikuwa kimeipigania hiyo.

Mwaka 1895 Hunter, mama mmoja aitwaye Octavia Hill, na kasisi Hardwicke Rawnsley walianzisha chama kiitwacho National Trust. Kazi yake ni kumiliki ardhi na majengo kwa niaba ya wananchi wote. Hunter alikuwa amegundua kasoro katika chama cha kwanza. Kile chama kiliweza kutetea ardhi, lakini hakikuweza kuimiliki. Mtu akitaka kutoa ardhi yake kwa wananchi, aitoe kwa nani? Alikuwa mwenyekiti wa National Trust mpaka alipokufa. Mwaka 1907 Bunge lilipitisha sheria iliyokipa chama hicho uwezo wa kutangaza kwamba ardhi fulani haitauzwa kamwe. Leo kinatunza zaidi ya hekta 250,000.

Karibu na Haslemere kuna vilima vya Hindhead. Vilikuwa mali ya tajiri mmoja, Whitaker Wright. Mwaka 1904 alihukumiwa kwa udanganyifu wa fedha, na akajiua siku ile ile. Mali yake ikapigwa mnada. Hunter na jirani zake waliunda kamati, wakachanga fedha, wakanunua ekari kama 750. Wakazikabidhi kwa National Trust mwaka 1906. Kamati ya watu wa pale pale ndiyo iliyozitunza.

Hunter alistaafu katikati ya mwaka 1913. Hakufaidi kustaafu kwake. Aliugua, akafariki tarehe 6 Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 69. Karibu na kwake kuna mabwawa yaitwayo Waggoners Wells. Mwaka 1919 yalitolewa kwa wananchi kwa kumbukumbu yake, na jiwe lenye jina lake limewekwa hapo.

Juu ya vilima vya Hindhead ilipita barabara kuu ya kutoka London kwenda pwani. Magari yaliongezeka mno. Njia rahisi ilikuwa kuipanua juu ya vilima vile vile. Lakini ardhi ilikuwa imefungwa kwa sheria ile ya mwaka 1907. Basi serikali ilichimba handaki chini ya kilima, na mwaka 2011 magari yakaanza kupita chini. Lami ya zamani iling'olewa, vichaka vikapandwa, na ng'ombe wanalishwa tena huko juu.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya dumuzi wa mahindi ghalani.