Mwendo wa mtoto ukibadilika, usikimbilie kusema ni mvivu

Msomaji, ukiishi Gairo unajua kazi ya miguu. Kijana hubeba viazi vitamu kutoka shambani hadi barabara kuu ya Dodoma, na hakuna anayechunguza anavyotembea. Siku akianza kuburuza mguu au kujikwaa pasipo na jiwe, tunasema ni mvivu, ameanza pombe, au amelogwa.

Si kila anayechechemea ana ugonjwa mkubwa. Lakini mwendo ukibadilika na usirudi kama zamani, sababu itafutwe. Mojawapo ni ugonjwa wa Wilson, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1912. Ni wa kurithi na ni adimu: hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 30,000 duniani. Ini la mgonjwa hushindwa kutoa madini ya shaba yanayozidi mwilini. Shaba hiyo hurundikana kwenye ini, kisha kwenye ubongo.

Dalili huanza taratibu, mara nyingi kati ya miaka 5 na 35. Hatua huwa fupi, mkono mmoja haupungi, au mtu huyumba anapogeuka. Angalia pia mikono inayotetemeka, mwandiko unaoharibika, maneno yasiyosikika vizuri, hasira zisizo za kawaida, macho ya manjano na tumbo kujaa.

Kuchelewa kuna gharama, kwa sababu ugonjwa huu una dawa. Penisilamini huutoa mzigo wa shaba kwa njia ya mkojo. Zinki huzuia shaba ya kwenye chakula isiingie mwilini. Dawa hizi ni za maisha yote, usiziache ukipata nafuu. Lakini ubongo ukishaumia sana, si kila kilichopotea kitarudi.

Mzazi, mrekodi mtoto kwa simu akitembea, kisha mpeleke hospitali ya wilaya. Uliza kama anahitaji rufaa Morogoro au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Vipimo ni vya damu, mkojo wa saa 24 na uchunguzi wa macho.

Akigundulika mmoja, kaka na dada zake wote wapimwe, hata wanaocheza mpira bila shida. Kila mmoja wao ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa nao, ingawa baba na mama hawaumwi. Atakayeanza dawa kabla ya dalili anaweza kuishi bila kuyumba hata siku moja.