Mafuriko si utoro

Kila masika, kati ya Machi na Mei, wapo wafanyakazi wa Kisumu wanaochelewa au kukosa kabisa kazini kwa sababu ya maji, kisha wanakatwa mshahara. Si haki, na tabia hiyo ikome.

Mto Auji ukifurika, wakazi wa Manyatta na Nyalenda huamkia maji ndani ya nyumba. Mto Nyando ukivunja kingo, Bonde la Kano hujaa na anayetoka Ahero hukwama. Magari machache yanayopita hupandisha nauli. Anayeumia ni mlinzi, mfagiaji na muuza duka. Meneja mwenye gari hufika bila kulowa, kisha huuliza walio chini yake wako wapi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata malipo ya siku nzima ambayo mfanyakazi amekosa kazini bila ruhusa wala sababu nyingine halali. Kwa maoni yetu, mama aliyekesha akiwapandisha watoto kitandani ili wasifikiwe na maji anayo sababu halali. Na kabla ya kumfuta kazi yeyote kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze kosa lake na amsikilize.

Masika hayamshtukizi mtu. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu mapema. Basi waajiri waandike utaratibu kabla mvua haijaanza: mfanyakazi ampigie nani, saa za kuingia zisogezwe vipi, siku iliyopotea ifidiwe lini. Kwa kuwa mvua ya Kisumu mara nyingi hunyesha alasiri na jioni, wanaokaa mbali waruhusiwe kutoka mapema. Kibarua wa kutwa, ambaye asipofika halipwi chochote, apewe siku nyingine.

Wafanyakazi nao watoe taarifa mapema na kwa ukweli. Anayesingizia mvua humharibia jina jirani yake aliyefurikiwa kweli.

Serikali ya kaunti izibue mitaro na kuondoa taka katika Mto Auji kabla ya Machi, isingoje hadi watu wahame makwao. Mtaro ulioziba si kosa la mfanyakazi, na gharama yake isitoke kwenye mshahara wake.