"Sawa" Katika Muhtasari: Usemi wa Papo kwa Papo na Usemi Uliotayarishwa

Mwaka 1979 Elinor Ochs alitofautisha usemi uliotayarishwa na usemi usiotayarishwa. Wa kwanza, kama vile mhadhara, hupangwa kabla ya kutamkwa. Wa pili huzaliwa papo kwa papo, nao hujaa kusitasita, marudio na kujisahihisha. Ni maoni yetu kwamba tofauti hii, ambayo wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani, ina uzito mkubwa nje ya darasa.

Tuchukue mfano wa Karatu na Ngorongoro, ambako wasemaji wa Kiiraqw, Kimaasai, Kidatooga na Kihadzabe hukutana katika Kiswahili. Muongoza wageni anapowaeleza wanafunzi kwamba kreta ina kina cha mita 600 hivi, usemi wake hausiti, kwani ameutoa mara nyingi. Akikatizwa kwa swali asilolitarajia, ataanza na "aa", atarudia neno, ataanza upya. Umahiri wake haukupungua; kilichopungua ni muda wa kupanga.

Mkutano mkuu wa kijiji huchanganya aina zote mbili. Ofisa husoma taarifa iliyoandikwa. Mwanakijiji hujibu papo hapo, pengine kwa lugha yake ya pili. Katika mazungumzo, "sawa" huweza kuwa kiitikio tu, yaani: nimekusikia, endelea. Katibu akiandika "wajumbe walikubali", kiitikio kimegeuzwa kuwa ridhaa. Kusitasita nako, ambako mara nyingi hutangulia jibu la kukataa, hufutwa kabisa. Jambo hili si dogo katika eneo ambalo tangu 2022 baadhi ya wakazi wake wamehamia Msomera, wilayani Handeni, huku hiari ya uhamaji huo ikibishaniwa.

Yawezekana kudai kwamba muhtasari hauwezi kubeba kila "aa". Ni kweli, kazi yake ni kufupisha. Hata hivyo, kufupisha maneno ni tofauti na kubadili tendo la usemi. Penye shaka, katibu hana budi kuuliza tena waziwazi, na kuandika jibu kama lilivyotamkwa.

Nasi wanaisimu tuanze nyumbani. Tunapowaruhusu wanafunzi wetu wa uzamili "kusafisha" mahojiano yao kabla ya kuyachanganua, tunafanya kosa lile lile la katibu, tena bila udhuru wake wa kukosa nafasi.