Rungwe na Televisheni ya Umma: Filamu Haipigwi Kinyumenyume

Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, ipo takribani kilomita 70 kusini mwa Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Karibu na barabara hiyo kuna Ziwa Ngosi lililolala ndani ya kreta ya volkano, Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira na Mlima Rungwe wenye urefu wa takribani mita 2,960. Vivutio hivi hutajwa kila inapozungumzwa azma ya kuufungua utalii wa Kusini. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni nani atakayevisimulia kwa picha, na atapewa muda gani wa kufanya hivyo.

Nguvu ya filamu ya makala ilidhihirika Aprili 2022, ilipozinduliwa Tanzania: The Royal Tour jijini New York, na kisha Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam. Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyemwongoza mtayarishaji wake, mwanahabari wa Marekani Peter Greenberg, katika kuitembelea nchi. Mengi yamesemwa kuhusu filamu hiyo, lakini safari ya kikazi ya mtayarishaji wake imejadiliwa kwa uchache. Kabla ya kufika Tanzania, Greenberg alikuwa ameutumia mtindo huo huo kwa takribani miaka 20, akizuru New Zealand, Jordan, Peru, Mexico na Rwanda, miongoni mwa nchi nyingine, katika mfululizo unaofahamika kwa watazamaji wa PBS, televisheni ya umma ya Marekani. Tanzania ilinufaika na uzoefu uliojengwa kidogo kidogo, nchi baada ya nchi.

Takwimu za watalii wa kimataifa zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2021 waliingia nchini watalii 922,692. Mwaka 2022 idadi ilipanda hadi 1,454,920, na mwaka 2023 ikafika 1,808,205. Si haki kuihesabia filamu ongezeko lote hilo, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa ikitoka katika janga la UVIKO-19, na idadi ya mwaka 2022 ilikuwa bado chini ya ile ya mwaka 2019. Hata hivyo, nchi iliyosimuliwa vizuri hukumbukwa haraka pale msafiri anapochagua pa kwenda. Filamu hiyo ilijikita zaidi Zanzibar, pwani na ukanda wa kaskazini. Kwa Nyanda za Juu Kusini, kazi ya kusimulia bado ipo mbele.

Kazi hiyo kwa asili yake ni ya chombo cha umma, na Tanzania si mgeni katika fani hii. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, Televisheni Zanzibar ikaanza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973, na Televisheni ya Taifa, ambayo leo ni TBC1, ikaanza mwaka 2000. Desemba 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua TBC Safari Channel, chaneli mahususi kwa utalii. Nje ya vituo hivyo, Flora M'mbugu-Schelling alionesha mwaka 1992, katika filamu yake These Hands, kwamba uvumilivu una tija: aliwafuata wanawake waponda kokoto karibu na Dar es Salaam, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, akaiacha kazi ya mikono yao ijieleze bila sauti ya msimulizi.

Rungwe inadai uvumilivu wa aina hiyo. Mapema mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya mahojiano na wawindaji wa Kinyakyusa walisikia habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Miezi michache baadaye walimwona katika misitu ya Mlima Rungwe. Ugunduzi huo ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, na mwaka uliofuata mnyama huyo akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, kwa heshima ya mlima huo. Vivyo hivyo, mlipuko wa mwisho wa volkano ya Kiejo, unaokadiriwa kutokea karibu mwaka 1800, umeingia katika vitabu vya jiolojia kwa sababu masimulizi ya wenyeji yaliuhifadhi.

Katika matukio yote mawili sayansi ilitanguliwa na neno la mwenyeji. Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili. Wazee wenye masimulizi hayo hawatakuwapo daima, na mazingira yenyewe yanabadilika. Ngozi na Kiejo-Mbaka ni maeneo ya miradi ya utafiti wa jotoardhi, na mashamba ya chai na parachichi yanazidi kubadili sura ya vilima. Mtengenezaji wa filamu atakayefika baada ya mitambo kusimama ataweza kuionesha mitambo. Hataweza kuionesha ardhi ilivyokuwa kabla yake. Filamu haipigwi kinyumenyume.

Mpango wa kurekodi Rungwe hauna budi kuzingatia mambo matatu. La kwanza ni muda: wilaya hii ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na ukungu unaweza kuufunika mlima kwa siku kadhaa. Timu iliyopangiwa siku mbili itarudi na picha za ukungu. La pili ni lugha, kwa maana mzee anayeeleza kwa Kinyakyusa hutoa undani ambao hupungua akilazimika kuufupisha kwa Kiswahili mbele ya kamera. La tatu ni hifadhi ya picha ghafi. Marekebisho ya sheria ya filamu ya mwaka 2019 yaliwataka watayarishaji wa kigeni kukabidhi picha walizopiga nchini. Kanuni hiyo ya utunzaji inafaa pia kwa mikanda ya ndani, ambayo mara nyingi thamani yake huonekana baada ya miaka mingi.

Juu ya yote hayo ni utumishi wenyewe. Mtengenezaji wa makala anayehamishiwa taarifa za habari kila anapoanza kulifahamu eneo huondoka na imani aliyojengewa na wenyeji, na anayempokea huanza upya. Kituo cha umma kikimwacha mtumishi mmoja aifuatilie Rungwe kwa miaka, kuanzia kipunji hadi visima vya jotoardhi, Taifa litapata vipindi vya kurusha pamoja na kumbukumbu ya kuachia vizazi vijavyo.