Tusiuze Mbaazi Zote: Viungo, Mtindi na Ubuyu Jikoni Kwetu



Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo: tani 200,000 kwa mwaka. Bei huku kwetu ikaporomoka, magunia yakabaki ndani. Tulilalamika sana kuhusu soko, na ilikuwa haki. Lakini naona kuna swali tuliloliacha: kwa nini zao tunalolima wenyewe halina heshima kwenye sufuria zetu?

Wahindi hawali mbaazi kwa shida. Wanazikoboa, wanazipika kwa manjano, tangawizi, kitunguu saumu na kitu kichachu. Watu wa Pwani wanaziunga kwa tui la nazi. Sisi wengi tunachemsha na chumvi, kisha tunasema hazina ladha. Kosa si la mbaazi.

Jaribu hivi. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha mpaka ziive. Kaanga kitunguu cha Mang'ola, kitunguu saumu na tangawizi. Weka manjano na binzari nyembamba, koroga kidogo tu zisiungue, kisha nyanya, kisha mbaazi. Ukishaepua, chukua kikombe cha mtindi, ulainishe kwa mchuzi wa vuguvugu kidogo kidogo, ndipo umimine. Ukiumwaga kwenye sufuria inayotokota, utakatika. Na maziwa ya kugandisha yachemshwe kwanza. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela.

Kiangazi maziwa hupungua, hasa kwa ndugu zetu wafugaji wa Ngorongoro. Hapo tumia ubuyu, ambao upande wa Eyasi mibuyu yake ipo. Vuruga unga wake kwenye maji ya vuguvugu, chuja kokwa na nyuzi, mimina baada ya kuepua. Unatia uchachu na kufanya mchuzi uwe mzito. Ukwaju nao unafaa, ila hauleti uzito, kwa hiyo ponda sehemu ya mbaazi.

Tusidanganyane: ubuyu una vitamini C nyingi, lakini hauna protini ya maziwa. Kwenye sufuria hii protini inatoka kwa mbaazi. Mtoto bado apewe maziwa yanapopatikana.

Kwa mfanyabiashara, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, chakula cha shambani kinanunuliwa kutoka nje. Ukipeleka mbaazi mnadani, beba na viungo vya kupima kidogo kidogo. Nunua viungo vizima usage mwenyewe, maana vya unga ni rahisi kuchanganywa na vitu vingine. Mteja akijua kupika, atarudi kununua.

Sisemi usiuze. Ada ya shule na mbegu vinahitaji fedha. Nasema tenga debe moja au mawili kabla dalali hajafika. Zikaushe vizuri, zihifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa ili zisibunguliwe. Bei ya mbaazi inapangwa mbali na Karatu, wala hatuulizwi. Chakula cha jioni tunakipanga sisi.