Tatizo lilikuwa barabara, si wanunuzi

Mwandishi, makala ni nzuri, lakini hapo uliposema mkate uliadimika Durban Julai 2021 kwa sababu ya pupa ya wanunuzi, sikubaliani nawe. Ghasia zilizofuata kufungwa kwa rais wa zamani wa Afrika Kusini, Jacob Zuma, zilianza na malori kuchomwa moto katika eneo la Mooi River, na barabara ya N3 inayounganisha bandari ya Durban na Johannesburg ikafungwa. Maghala yakaporwa, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Sapref kikasimamisha kazi. Duka kubwa haliweki mkate na maziwa ya wiki nzima. Linategemea lori la kesho. Lori lisipofika, rafu hubaki tupu hata kila mtu akinunua kwa kiasi. Ndugu wachangiaji mnaolaumu foleni, ni kweli hofu iliongeza kasi, ila foleni zenyewe zilikuja baada ya njia kukatika. Na mnaowanyooshea kidole wageni kwamba ndio waliomaliza mkate, fikirini: mgeni aliyepanga chumba, asiye na friji wala ndugu wa kumkopesha unga, hununua cha siku hiyo hiyo, kwa hiyo huwa wa kwanza kulala njaa. Serikali inayotaka watu wale wakati wa vurugu ilinde kwanza barabara na maghala, ndipo iwahimize wananchi kununua kwa kiasi.